Nilidanganya kilo yangu ku mulima Ruwenzori, mwengine njo alikosa theluji

Ba wakuu, mbote kwenu wote. Niko Kasereka, mutoto ya Butembo, ninaishi Beni ku Bungulu. Munanijua kwa kuongeza chumvi. Leo nitaongeza ku jasho tu, ile ingine yote ni vile ilikuwa.

Kwanza mujue umbo yangu. Kilo mia moja makumi mbili na nane. Kiti ya plastiki ikiniona inaanza kusali.

Donc, tulisoma masomo ya jioni, tunakaa banc moja na Mama Masika, muuzaji wa kakao. Anapita miaka makumi tano. Yeye ananisaidia hesabu, mimi namusaidia français.

Marehemu papa yake alibebaka mizigo ya ba touristes mpaka kwenye theluji ya Ruwenzori. Batoto wakimuomba awaletee kidogo, anawajibu: hii kitu inaisha njiani.

Mama Masika aliapa kama akipata diplome, ataenda kuigusa mwenyewe.

Tukapata diplome. Nikamwambia nitamusindikiza.

"Wewe?" Alicheka mpaka akashika ukuta.

Pa Mutwanga, kwenye njia inaanzia, guide yetu alikuwa mzee Kambale. Alijua papa ya Mama Masika. Yeye ana sheria moja: mwenye kilo mingi anatangulia, wengine wote wanafuata mwendo yake, hapana kumupita.

"Grand, uko na kilo ngapi?"

"Makumi tisa na tano."

Akaniangalia kama mufuko ya mahindi ku balance ya kupima. "Na hii tumbo ni ya nani? Bon. Hata vile, wewe njo utatangulia."

Wakuu, kulikuwa batu pale barabarani wanatuangalia. Nilijiona kama ng'ombe ya ndoa, inatembezwa mbele watu waihesabu mbavu.

Nikakataa. "Papa, mimi hapana mugonjwa. Nitafunga mustari kule nyuma."

Mama Masika akaniambia polepole, "Kasereka, hii si kitu ya haya." Sikumusikia. Mzee Kambale akachoka kubishana, akatangulia yeye.

Siku ya kwanza, matope na mizizi. Jasho ilinitoka ya kuosha camion mbili. Nilifika ku kibanda ya kulala nyuma yao sana, nikasema nilikuwa napiga foto. Simu yangu ilikuwa imezima tangu asubuhi.

Siku ya pili, mianzi na ukungu. Wakiita, "Kasereka, iko aje?", ninajibu "ça va", kisha ninakimbia kuwafikia wasijue. Ninapumzika kwa kujificha, ninakimbia tena.

Ile mbio njo ilinimaliza. Goti ikavimba kama papai.

Nikakaa ku jiwe. Wakaita. Haya ikanifunga kinywa, sikujibu.

Walirudi wote wawili kunitafuta mu ukungu.

Guide alikuwa moja tu. Hawezi kuniacha, na Mama Masika hawezi kupanda peke yake.

Akauliza, "Papa Kambale, kutoka hapa mpaka kwenye theluji?"

"Siku moja na nusu."

Mama Masika aliangalia juu, kulikuwa ukungu tu. Kisha akachukua sac yangu, akaipachika juu ya yake. "Tushuke."

Kwa kushuka waliniweka mbele. Hii mara sikukataa. Tulienda kama kinyonga, hakuna mutu aliyenisukuma. Saa nyingi hivyo. Mzee Kambale akasema nyuma yangu, bila hasira:

"Unaona? Na hii mwendo tungefika."

Wakuu, ile neno iko ndani yangu mpaka leo. Mulima haikukataa kilo yangu. Mimi njo nilikataa.

Tulisema tutarudi. Lakini usalama ya ile njia iliharibika, mzee Kambale akahama, na sasa Mama Masika anaumwa kiuno, hata kupanda camion ya kwenda Oicha ni kazi.

Kwa hiyo, ninyi wazito kama mimi: mukiwekwa mbele, muende mbele. Semeni kilo yote. Wale wako nyuma wako na safari yao pia.

Kama kuna mutu haya yake ilikosesha mwengine kitu, aandike hapa chini. Wembamba pia munakaribishwa, mucheke, lakini kidogo.

Asubuhi ikiwa safi, hapa Bungulu theluji inaonekana kabisa, nyeupe. Mama Masika akiwa na mimi, anageukia upande ingine na kuniuliza habari ya kakao.

Anafanya hivyo kwa ajili yangu. Ninajua.