Bwawa Lililovujia kwa Jirani

Desemba iliyopita nilirudi Buteba, na mke wa kaka yangu akaniuliza kwa nini ardhi imebonyea nyuma ya zizi, pale mbuzi wanapopenda kulala. Nikamwambia palikuwa na bwawa la nyanya yangu, mzaa mama. Akacheka. Bwawa, juu ya mchanga huu? Nilitaka kumweleza, nikakosa pa kuanzia, maana kisa hicho nimekaa nacho tangu nina miaka tisa na mpaka leo hakijanikalia sawa. Ngoja nikusimulie wewe, labda utakielewa kunishinda.

Nyanya alitaka samaki. Alichoka na wale wakavu wa sokoni Busia, waliopinda kama soli ya kiatu. Wajomba zangu wakachimba kiangazi kizima, na mvua za kwanza zikalijaza bwawa hadi ukingoni. Nyanya akachomeka kijiti majini, akakikata alama. Asubuhi alama ilikuwa imebaki juu, maji yameshuka upana wa kiganja changu. Kesho yake, kiganja kingine. Mvua ikinyesha bwawa linajaa, ikikatika linajinywa lenyewe. Wajomba walisema ni jua. Nyanya akakata alama nyingine.

Siku moja nilitumwa kuomba chumvi kwa jirani wa bondeni. Alikuwa mjane, Mjapadhola aliyeolewa huku kutoka Kirewa. Kiteso, lugha yetu, hakikumnyookea, na nyanya hakujua lugha yake, kwa hiyo wao wawili walizungumza Kiswahili chao cha sokoni. Shamba lake nililijua kwa ukavu. Kiangazi hata magugu yalilikimbia. Siku hiyo nilikanyaga matope. Dodo, ule mchicha wa huku, na sukuma wiki zimesimama, kijani kibichi, na yeye ameinama akifunga mafungu ya kupeleka Busia.

"Mwaka hii Mungu nakumbuka mimi," akaniambia, akanipa chumvi na fungu moja la dodo.

Nikatazama juu ya mteremko, nikauona ukingo wa bwawa letu.

Nilipanda nyumbani na ile mboga mkononi bila kujua nimebeba zawadi au ushahidi. Ule ni wizi? Lakini hakuiba, maji yalimfuata yenyewe. Jioni, tukila ugali wa wimbi uliotiwa ukwaju, nilimweleza nyanya, nikidhani nimevumbua jambo kubwa. Hata hakuinua kichwa.

"Nimeona," akasema. "Kula."

Kama ameona, mbona amenyamaza? Na kama amenyamaza, mbona wiki iliyofuata alimwita bwana shamba? Huyo alichukua udongo wa bwawa, akaulowesha, akaufinyanga, ukamvunjikia mkononi. Akamwambia nyanya atafute udongo wa mfinyanzi kinamasini, auchanganye na samadi, autandaze tabaka kwa tabaka, kisha ng'ombe waukanyage mpaka ushikamane. Tukaubeba kwa makarai siku nyingi. Nakumbuka shingo ilivyoniuma, na yale maji ya baridi yenye harufu ya majani yaliyooza yakinichuruzika mgongoni. Lundo la udongo lililobaki nyanya alilifunika kwa majani ya ndizi nyuma ya jiko.

Kwa siku ya kukanyaga, nyanya aliita kila mwenye ng'ombe. Wa kwanza kufika, maji ya chai hayajachemka, alikuwa jirani wa bondeni. Alikuwa anaswaga maksai wake wawili, wale wa plau alioachiwa na marehemu mumewe.

Nyanya alimtazama sana. "Mwanangu, wewe najua hii maji nakwenda wapi?"

"Najua, mama. Mimi nakula hiyo maji."

"Sasa umeleta ng'ombe ya nini?"

"Umeita watu. Mimi si mtu?"

Nyanya akashika kamba. Kisha akawavuta maksai mpaka ndani ya bwawa. Walizunguka mpaka adhuhuri, jirani nyuma yao na fimbo, tope magotini. Maksai mmoja akateleza akakaa kitako kama mgeni, na wale wanawake wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikuwa ukingoni nikingoja mtu aniambie nifurahi au nilie.

Maji yakakaa. Vifaranga vya sato vikaletwa kwa ndoo. Kule chini dodo zikanyauka, zikafuata sukuma wiki. Jirani akaanza kwenda kupalilia mashamba ya watu. Akipita kwetu alisalimia vilevile: "Mama, samaki nakua?" "Nakua." Nikimsikia nilijificha jikoni, ijapokuwa sikuwa nimemkosea.

Mwaka uliofuata kona ya chini ikapata ufa. Wajomba wakataka kuuziba.

"Udongo umeisha," nyanya akasema.

"Nyanya, udongo upo nyuma ya—" Alinifinya mkono. Wajomba walikuwa wameliona lundo kama mimi. Wakaweka majembe begani wakaenda zao.

Tangu hapo bwawa lilipungua kidogo kidogo, na kule chini kikarudi kipande cha kijani chenye ukubwa wa mikeka miwili. Siku ya kwanza ya kuvuna jirani alituletea fungu. Nilitega sikio nisikie watasema nini juu ya maji. Waliongea habari za kuku. Kiangazi kimoja kikali sato walikufa. Nyanya aliwaokota mmoja mmoja kwenye tope, na uso wake sikuweza kuusoma. Yeye ndiye aliyewataka.

Nyanya alipofariki, jirani aliketi kwenye mkeka wa wafiwa kati ya mama zangu wadogo, na hakuna aliyemsogeza. Baadaye wanawe waliuza shamba wakamrudisha Kirewa, nako akazikwa. Bondeni sasa kumepandwa mikaratusi. Kinamasi kimegeuka mashamba ya mpunga. Hakuna anayeita watu wenye ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wamebaki wa kuhesabika. Kile Kiswahili chao kimekwenda nao. Wajukuu wao sisi tunasema Kiswahili fasaha zaidi, na hatuambiani nusu ya waliyoambiana wao.

Natamani ningewauliza walipokuwa hai. Lakini hata leo sijui ningeanza na yupi: yule aliyeleta maksai, au yule aliyesema udongo umeisha.