Wema wa Bi Pasi

Kwa masikitiko makubwa inatangazwa kwa ndugu, jamaa, marafiki na wote aliowahi kuwatukana kwamba Bi Pasi, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, amepatwa na wema wa ghafla. Wema huo ulimshika Jumanne asubuhi, alipoletewa chai kitandani akasema, "Asante, mwanangu."

Binti yake nusura aangushe kikombe.

Bi Pasi alisimamia chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa kwa miaka thelathini na minne. Shuka lenye mkunjo alimrushia usoni aliyelinyoosha, na kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa umeshika pasi ya moto, hakuna aliyebisha. Alistaafu kazi, ulimi ukabaki kazini. Binti yake, fundi cherehani wa sare za shule, alimchukua wakaishi pamoja, na peke yake akajaza nafasi ya wafanyakazi ishirini. Kiti cha Bi Pasi kiliwekwa kando ya cherehani. Kutoka hapo alitoa hukumu.

"Huu mshono umeushona au umeutema?"

"Mama, jamani."

"Mumeo hakukosea kukimbia. Alichelewa tu."

Sasa, huu ulikuwa ugonjwa wa mkojo wa nne ndani ya mwaka mmoja. Muuguzi wa zahanati alishaeleza mpaka mate yakamkauka: kwa wazee, maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi hayapigi hodi kwa homa, huingilia kichwani. Wapo wanaoona wadudu ukutani, wapo wanaowapiga wajukuu. "Ukiona amebadilika tu, usingoje. Mlete. Na anywe maji."

Bi Pasi alisema maji na ayanywe mwenye miguu ya kuyapeleka chooni. Choo kilikuwa hatua kumi na nne kutoka kitini, na hatua zote alizilaani moja moja. Kwa hiyo hakunywa, na kile kidogo alichokuwa nacho alikibana.

Wazee wengine wakiugua hugeuka wakali. Bi Pasi, ambaye ukali ndio uliokuwa afya yake, hakubakiwa na pa kugeukia ila kwenye upole. Mara tatu zilizopita alipoanza tu kusifia watu, binti alimkimbiza zahanati. Baada ya siku tatu za vidonge, upole ulikauka na binti akarudi kuitwa gunia.

Kwa hiyo Jumanne ile alijua. Harufu ya godoro ilimwambia. Kichupa cha kupimia mkojo kilikuwa kimeoshwa, kimekaa dirishani kikingoja kazi. Alikwisha kujifunga kanga ya kutokea pale mama alipookota sare mezani, akaupapasa mshono kwa kidole gumba, akasema:

"Mikono yako ina akili. Ningekuwa nawe dobini, ningepumzika mapema."

Binti alikuwa na miaka hamsini na mbili. Sentensi hiyo alikuwa anaisubiri tangu ana saba. Akaifungua kanga taratibu, akakaa. Kesho, akajiambia. Siku moja haiui mtu.

Jumatano mama akasema, "Nilikuwa nakuonea, mwanangu. Niliogopa utanizidi." Binti alilia mpaka akashona mfuko wa suruali ukazibwa juu na chini.

Jirani, mwanamke mnene mwenye genge la mboga, alichungulia mlangoni. "Mwenzangu, mama yako kanisalimia! Yuko salama kweli?"

"Ameamua kubadilika."

"Mungu mkubwa. Juzi kaniita ngoma iliyopasuka."

"Mtu hubadilika, dada."

"Mtu, sawa," jirani akasema. "Mimi namzungumzia mama yako."

Alhamisi asubuhi Bi Pasi alikuwa mwema kuliko wakati wowote. Alinyoosha mkono, akaipapasa cherehani kichwani, akaiambia, "Mwanangu mzuri, mwanangu mweusi unang'aa." Binti alikuwa amekaa upande wa pili. Hakutazamwa hata kidogo. Akasogeza uso wake karibu na cherehani, labda mkono utakosea njia.

Mkono ulipomgusa, ulikuwa wa moto kama pasi. Mama alitetemeka, meno yakagongana, kisha kichwa kikamwangukia kifuani. Binti alimbeba mgongoni mpaka barabarani akipiga kelele za teksi, miguu ya mzee ikiburuzika nyuma na mkojo ukimtiririkia fundi mgongoni.

Hospitalini walimtundikia dripu. Muuguzi wa wodi aliinua kichupa kwenye mwanga: mkojo mzito, rangi ya kutu.

"Alianza lini kubadilika?"

"Leo," binti akasema.

"Mkojo huu haujaanza leo, dada yangu." Akaandika "leo". Wodi ilikuwa imejaa.

Siku tano mzee alikuwa nusu huku, nusu kule. Daktari alisema figo zimechoka, waombe tu. Binti aliomba, lakini sala yake ilikuwa na kigugumizi: aliomba mama apone, akanyamaza kidogo, kisha akaomba tena.

Siku ya sita macho yalifunguka, meupe, makavu. Yakamwona muuguzi.

"Aliyekunja hili shuka alikuwa anapigana nalo?"

Muuguzi akashtuka. "Amechanganyikiwa, nimwite daktari?"

"Hapana," binti akasema, machozi yakimtoka. "Amepona."

Walipobaki wawili, binti alisogeza kiti. Alikuwa na swali moja tu, na alijua akiliacha lipite leo hatapata ujasiri tena.

"Mama, unakumbuka uliyoniambia? Kwamba mikono yangu ina akili? Kwamba ulikuwa unanionea?"

"Nilisema lini?"

"Jumanne. Na Jumatano."

"Na huku umenileta lini?"

Binti akatazama sakafu. "Alhamisi."

Bi Pasi alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeunguza shuka la mgeni.

"Nilikuwa naumwa," akasema. "Leta beseni, nikojoe."