Fundi Asiye na Haraka

Maduka mengine yalitaka kuniuzia kompyuta iliyokwisha kufungwa kwenye boksi. Fundi huyu nilimchagua aniundie yangu kwa sababu ya mikono yake: kabla ya kushika kifaa chochote hugusa kwanza nondo za dirisha, eti atoe umeme mwilini, kisha hukinyanyua kama kifaranga. Kila nikimpigia simu hunijibu kwa upole, "Bado naijaribu, dada. Haraka haraka haina baraka." Wiki ya tatu nikaingia bila taarifa. Kompyuta ilikuwa tayari, jina langu limebandikwa ubavuni, na fundi yuko mbele yake anacheza gemu la mpira, jasho linamtiririka. Nilipomsalimu wala hakugeuka.

"Dada, hapa una mashine! Haijakwama hata mara moja. Njoo Jumatatu, nimebakiza fainali tu."