Pomboo Aliyeshikwa na Mke Wangu

Mke wangu alikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa, mifupa na mkia, ambayo viwanda vilituachia baada ya kupeleka minofu Ulaya. Viwanda vilikuwa bado vipya Mwanza miaka ile. Kabla ya kununua, alifunua shavu la kila kichwa kwa kidole gumba. Ndani kukiwa kwekundu, alichukua. Kukiwa na rangi ya kijivu, alirudisha bila kubishana.

Mwaka mmoja alikwenda Tanga, dada yake alikuwa amejifungua. Aliporudi alitusimulia kwamba wavuvi wa huko walimtoa wavuni pomboo aliyekufa, na yeye, kwa mazoea, akapeleka mkono kufunua shavu. Hakuliona. Alipapasa kichwa chote, akakuta tundu moja tu, juu utosini. Wavuvi walipomgeuza, maziwa yakachuruzika kutoka karibu na mkia. Meupe, mazito. Alisema alirudi kwa dada yake, akakaa kumtazama yule mtoto mchanga akinyonya.

Wanawake waliokaanga pamoja naye walicheka mpaka samaki wakaungua. Mmoja, jirani yetu, akamuuliza kama alimkamua, na hiyo chai ya maziwa iko wapi. Nami nilikuwepo. Ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Labda walivua mbuzi."

Hakukasirika. Alinitazama mimi, si wao. "Baba, nilimshika kwa mkono huu."

Hakulitaja tena jambo hilo, wala mimi sikumuuliza. Mwaka uliofuata aliugua, na kabla ya mvua za vuli tulimzika.

Mimi ni seremala, niliishia darasa la saba. Siku moja niliitwa kutengeneza madawati katika shule moja upande wa Butimba. Ukutani palikuwa na picha: nyangumi, pomboo, na pomboo mdogo chini ya tumbo la mama yake. Mwalimu, binti wa juzijuzi tu, aliniamkia. Nilimuuliza yule mdogo anafanya nini pale.

"Ananyonya, mzee. Hawa si samaki. Wanapumua hewa kama sisi, hata mtoto akizaliwa lazima apande juu avute pumzi."

Niliuliza kama ziwani kwetu wapo. Akasema hapana, ni wa baharini. Nilirudi kwenye dawati, nikapiga randa mahali palipokuwa tayari laini.

Jioni nilipita kwa wakaangaji nikawaambia. Jirani yetu aliacha kugeuza samaki.

"Kumbe mwenzetu alisema kweli."

Nikaitikia. Kwenye kigoda cha mke wangu alikuwa amekaa mwingine.

Siku hizi nikivuka kwenda Kamanga, nasimama ukingoni mwa kivuko kutazama maji. Najua pomboo hawamo. Natamani tu mke wangu anisimulie upya, toka mwanzo, nami nimuulize nilichopaswa kumuuliza siku ile: ngozi ya yule pomboo, alipoishika, ilikuwaje.