Kuufuata Wimbo wa Kufungia, Rahaleo Hadi Mdomo wa Ruvuma

Nilitoka nyumbani Rahaleo, hapa Mtwara mjini, nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonipandisha lori. Sisi tuliohitimu masomo ya jioni tulikubaliana kila mmoja aandike historia ya jambo moja la kwetu, ibandikwe darasani. Mimi, ambaye ngoma ikilia Mikindani miguu yangu huitikia nikiwa kitandani Mtwara, nikachagua ngoma. Nikaenda ofisi moja ya utamaduni, jina lake nalimeza. Karani akanifunulia faili. Ngoma ya kina mama wa pwani ya Ruvuma ilikuwa na mstari mmoja tu: asili yake haijulikani.

"Haijulikani na nani?" nikamwuliza.

"Na ofisi," akasema. "Kanda yao tunayo, tulikwenda kuwanasa sauti. Ila kuisikiliza ni kwa kibali."

Alfajiri nikadandia lori la magunia, niende kuwauliza wenyewe. Njia ya Msimbati ni mchanga mtupu, na lori lilizama mara nyingi hata nikadhani tunasafiri chini ya ardhi. Kila likizama tulishuka kusukuma. Mchanga nilioumeza ungetosha kupiga lipu nyumba ya vyumba vitatu.

Mchana nikafika kijijini, karibu na mto unapomwaga maji baharini. Nikapelekwa kwa Bi Somoe, mkubwa wa kikundi cha ngoma. Alikuwa akichemsha ming'oko, vile viazi vya porini. Akanitengea sahani kwanza, maneno baadaye.

"Historia ya ngoma yetu?" akacheka. "Mjini hamna ya kwenu, mwanangu?"

Lakini alinieleza. Bibi yake ndiye aliyevuka nayo kutoka ng'ambo ya mto, akaja kuolewa huku. Akanitajia waliocheza naye, waliogombana naye na waliohama kwa sababu yake. Ofisini haijulikani, kwa Bi Somoe inajulikana hadi jina la mbuzi aliyetoa ngozi ya ngoma.

Jioni wakanichezea. Ngoma zikaoteshwa moto wa makuti, ngozi zikakaza, mavumbi yakapanda mpaka mwezi ukapiga chafya. Kisha, katikati ya utamu, ngoma zikanyamaza. Wanawake wakajifunga kanga vizuri, wakaondoka wameinamisha vichwa.

"Mbona mmekatiza?" nikauliza.

"Hatujakatiza. Hatuna wa kuifunga," akasema Bi Somoe. "Ngoma yetu hufungwa kwa wimbo, na wimbo huo hutungwa na manju, yule anayetuongoza kuimba. Manju wetu alikuwa dada yangu Asumini. Wimbo wake wa mwisho aliutunga kwa ajili ya siku ile walipokuja watu wa ofisi. Masika yaliyofuata akafariki. Sisi tunajua kuitikia tu. Kuanzisha hatujui."

"Na kanda?"

"Waliahidi kuirudisha tuisikie. Mpaka leo tunakaa kama watu waliomsindikiza mgeni wasimuage."

Asubuhi yake tukapanda lori pamoja. Njia nzima mimi nilifoka, Bi Somoe akanipoza kwa korosho.

Mtwara mjini, karani akatupokea kwa neno lake lile lile. "Kibali."

"Kibali cha kumsikia dada yangu," akasema Bi Somoe, "nikamwombe yeye huko kaburini?"

Karani akaingia ndani, akatoka na kinasa sauti, akaitia kanda ndani yake. Ikazunguka. Tukamsikia mwanamume akikohoa, kisha akahutubia. Alisema ngoma zetu ni hazina, tuzitunze zisipotee.

"Huyu ndiye Asumini?" nikauliza.

Karani akatazama dari. "Kanda zilituishia, ndugu. Ikabidi tutumie hiyo kunasia hotuba."

Hapo nilipiga kelele ambayo nina hakika hata mtaa wa Shangani waliisikia. Mmekwenda mpaka kwao, mmekula ming'oko yao, mmemchukua mama wa watu mzima mzima, kisha mmemfuta kwa hotuba ya kumtunza. Karani akanyoosha mkono kuizima mashine.

"Iache," akasema Bi Somoe. "Hata huyo atachoka."

Alichelewa kuchoka. Yakaja makofi, kisha mkwaruzo mtupu. Kisha ngoma. Hotuba ilikuwa imekula mwanzo na katikati, ikaishiwa pumzi kabla ya mwisho. Na mwisho wa ngoma ni wimbo wa kufungia. Sauti ya mwanamke ikaingia, nyembamba, ina mikwaruzo, haina haraka. Bi Somoe akashika ukingo wa meza. Dada yake alipotua, yeye akaitikia, na kule nje kina mama waliongoja benchini kwa shida zao nyingine nao wakaitikia.

"Jamani, hii ni ofisi," akasema karani. Hakuna aliyemjali.

"Irudishe," akasema Bi Somoe ulipokwisha. Karani akairudisha, tena na tena, hadi Bi Somoe akawa anatangulia mashine. Akajifunga kanga. "Basi. Leo jioni tunafunga."

Nami nilibandika historia yangu darasani. Nimeandika kwamba asili inajulikana, aulizwe Bi Somoe. Nimeandika pia kwamba nyimbo nyingine zote za Bi Asumini ziko chini ya hotuba, na hazitatoka. Ama hotuba yenyewe, sijamwona hata mmoja anayejua kuiitikia.