Mwandishi Asiyepanda Gari la Mheshimiwa

Katika miaka ishirini na miwili ya kuandika habari, hakuwahi kupanda gari la mwanasiasa. Wenzake wakambandika jina la Bi Miguu.

"Bi Miguu, basi la wizara lina viti laini kama godoro!" walimtania.

"Bure aghali, ndugu zangu. Nauli yake mtailipa kwa kalamu."

Mume wa dada yake wa pekee alipopewa uwaziri wa maji, walidhani sasa atapanda. Wapi!

Siku waziri huyo alipozindua mradi wa maji, basi la wizara liliwashusha waandishi mbele ya jukwaa. Yeye alishuka kituoni, akakata vichochoro kwa miguu, akatokea nyuma. Huko, penye turubai, aliona lori lililobeba tangi, na mpira uliotoka tangini ukapita chini ya jukwaa.

Mbele, waziri akafungua bomba. Maji yakaruka, vigelegele vikapaa.

Bi Miguu akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, maji haya yanatoka wapi?"

"Aa, shemeji! Leo tumekuja kufurahi. Maswali tutaulizana nyumbani."

Watu wakaangua kicheko.

"Shemeji yako yuko nyumbani, mheshimiwa. Hapa yupo mwandishi. Lile lori huko nyuma ni la nini?"

Kicheko kikakatika. Mama mmoja mwenye ndoo akazunguka turubai, akachungulia. Wengine wakamfuata, mpaka umati mzima ukawa umempa waziri kisogo. Waandishi waliokuja na basi walisahau kuandika. Wakabaki kumkodolea macho mwenzao mwenye viatu vya vumbi, kana kwamba hawakuwahi kumwona.

Jioni dada yake akapiga simu chumba cha habari.

"Mdogo wangu, andika yote. Jina lake tu ulifiche. Nina watoto."

"Dada, la mtu mwingine ningelificha?"

"Kwani mimi ni mtu mwingine?"

Simu ikakatwa. Mhariri, mtu mzima mwenye mvi zake, alisimama mlangoni asithubutu kumsemesha. Bi Miguu akaandika jina kamili la shemeji yake, machozi yakimtiririka, mkono usisite.

Waziri aliachishwa kazi wiki ile ile. Maji ya kweli yalifika mwaka uliofuata. Dada yake hajazungumza naye tangu simu ile, na huu ni mwaka wa tisa.