Wadudu wa Jino la Zubeda

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule, na kazi yangu ya sikukuu ilikuwa kuyalinda meno ya dada yangu.

Zubeda alikuwa na miaka kumi na mitatu na meno yanayoshtuka kwa kila kitu. Maji yakiwa baridi, anashika shavu. Chai ikiwa moto, anashika shavu. Ukimpa kipande cha muwa ndiyo basi, siku imeharibika. Siku za kawaida alijiangalia mwenyewe, lakini Idi ilikuja na vishawishi vyake, na kwetu Midia, nje kidogo ya mji wa Koboko, Uganda, majirani Wakristo nao walikuja kula, kila mmoja na kitu chake kitamu mkononi. Mama akanipa amri: nipoze chai ya Zubeda, nimchambulie nyama, na nihakikishe hagusi soda ya baridi. Baba alikuwa mwanajeshi, yuko kambini mbali, kwa hiyo nilijiona mimi ndiye askari wa nyumba.

Bibi, mama yake Baba, aliniongezea sababu. Yeye ndiye aliyetibu meno ya kijiji kizima.

"Mududu ya meno inalala mwaka muzima," aliniambia. "Ikisikia harufu ya sukari ya Idi, inaamuka. Wewe angalia dada yako vizuri."

Nilimwangalia vizuri hadi saa sita mchana. Kisha nikaenda kwa jirani kuonyesha gauni langu jipya, maana gauni jipya lisiloonwa na watu lina faida gani? Niliporudi nilimkuta Zubeda nyuma ya jiko, chupa tupu miguuni, analia bila sauti. Mjomba alikuwa ameleta soda kutoka mjini, zimezikwa kwenye barafu.

Bibi hakumgombeza. Alileta mbegu za ndulele, yale matunda madogo ya njano ya porini, akazichanganya na samli. Akaweka kigae chenye makaa juu ya jiwe, katikati ya beseni la maji. Zubeda akainama juu yake, mdomo wazi, akafunikwa blanketi, na Bibi akatupa mbegu kwenye makaa. Mimi nilishika ukingo wa beseni lisiyumbe. Moshi ulinitoa machozi. Blanketi lilipofunuliwa, juu ya maji palikuwa na vijidudu vyeupe, vyembamba, vimejikunja. Nilivihesabu, vilikuwa saba. Wanawake wakapiga vigelegele, na Zubeda akalala usingizi.

Kesho yake nikataka kuwa Bibi. Niliokota mbegu zilizobaki, nikaiba makaa jikoni, nikatafuta kigae na beseni kuukuu. Nilipanga kuwaita watoto wa jirani waje wafungue midomo. Lakini nilikuwa na haraka, nikatupa mbegu kabla hawajafika. Zikapasuka, moja baada ya nyingine, na ndani ya maji wakaanguka wadudu. Weupe, wembamba, wamejikunja. Nilichutama nikatazama. Hakuna mdomo wowote uliokuwa umeinama juu ya lile beseni.

Nilielewa. Watu husema mtoto wa umri ule haelewi mambo kama hayo, lakini mimi nilielewa pale pale kwamba wadudu walitoka kwenye mbegu. Nikamwaga maji, nikafukia kigae. Niliogopa kuchapwa kwa kuchezea moto. Zaidi ya hapo, nilimpenda Bibi. Nilikuwa nalala kitandani kwake, na siku hiyo wageni walikuwa bado wanamsifu uani.

Siku ya tatu shavu la Zubeda lilivimba, na uvimbe ukaanza kushuka kuelekea shingoni. Mama alitia nguo za Zubeda kwenye begi.

"Mama, mimi naona tupeleke mutoto Arua," alimwambia Bibi. "Kule iko daktari ya meno."

"Kufanya nini? Mududu ilishatoka. Hii ni shimo yake inajifunga." Kisha Bibi akanigeukia. "Salima ndiye alishika beseni. Salima, wewe hapana ona mududu?"

Wote wawili walinitazama. Mama alishika begi, akingoja. Bibi alikuwa anauliza kwa moyo safi kabisa. Hadi leo sina shaka kwamba aliamini.

"Niliona, Bibi," nikasema.

Mama akashusha pumzi, akazirudisha nguo sandukuni.

Siku mbili zaidi tulikaa hivyo. Nilimletea Zubeda uji wa vuguvugu, nikawa askari mwema kuliko nilivyowahi kuwa. Homa ilimchoma, lakini yeye ndiye aliyenituliza.

"Hapana ogopa," aliniambia, maneno yakitoka kwa shida. "Mududu imetoka. Si wewe uliona?"

Asubuhi iliyofuata hakuweza kumeza hata mate. Wakakodi gari, wakampeleka Koboko, na kutoka hapo Arua. Madaktari walihangaika naye kutwa nzima. Usaha ulikuwa umeingia kwenye koo na kwenye damu. Alfajiri akafa, na adhuhuri tulikuwa tunamzika Midia. Mimi nilikuwa nimevaa gauni lile lile la Idi.

Ndugu walimtupia Bibi lawama zote. Hakujitetea. Hakumfukizia mtu tena. Aliyekuja ameshika shavu alimwambia aende hospitali, kisha akaingia ndani. Alikufa na mzigo ule, nami nilimwachia aubebe peke yake.

Sasa ninaishi Arua, chini ya kilima, na wanangu wanasema sikukuu zangu ni za hospitali. Soda kwangu haiwekwi barafu. Hakuna kung'oa kizibo cha chupa kwa meno, hakuna kuvunja mfupa. Jino likimuuma mtoto Idi asubuhi, tunatoka na nguo zetu mpya hadi kwa daktari, pilau itatungoja. Wacheke tu.

Mama huja kukaa nasi kila Idi. Ameshazeeka, na meno yake machache yaliyobaki yanashtuka kama ya Zubeda. Nampozea chai. Akishakunywa, huanza kumzungumzia Zubeda, na kila mwaka hufika mahali pale pale.

"Sisi hapana zembea," huwaambia wajukuu. "Mududu ilitoka, tuliona na macho. Ilikuwa mapenzi ya Mungu tu." Halafu hunigeukia. "Si uliona, Salima?"

Namjibu, "Niliona, Mama." Hilo ndilo linalomwezesha kulala, na mimi sina moyo wa kumnyang'anya.